Ng'ombe Ana Herufi Ngapi? Tafakuri juu ya Utungo, Mkondo na Majina ya Nsemulwa

Wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kuamini kwamba swali la herufi ni nini na neno ni nini lilikwisha kujibiwa zamani. Kuhusu herufi tunaitegemea othografia iliyosanifiwa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930. Kuhusu neno tunaridhika na nafasi inayoachwa kati ya andiko na andiko, na pale nafasi hiyo inapotuletea utata tunauita tatizo la kinadharia na kuwaachia wenzetu wa mofolojia. Makala haya yanadai kwamba maswali hayo mawili yamefunguliwa upya, na kwamba waliyoyafungua ni waandishi wa programu, ambao kila siku huiamuru kompyuta ihesabu herufi, ikate maneno, ilinganishe majina na kuyapanga, bila ya kutuuliza sisi lolote. Majibu wanayoyatoa huingia katika orodha na rejista za watu. Nitalieleza jambo hili kwa kutumia data niliyoikusanya katika kata ya Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mahali nilikokulia na ambako bado nina ndugu wengi.

Data yenyewe ni ya kawaida. Ni masimulizi ya wazee kuhusu kilimo, mifugo na uhamaji, yaliyorekodiwa na kunukuliwa kwa maandishi. Nsemulwa, kama ilivyo Mpanda kwa jumla, ni mahali penye lugha nyingi: wapo Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, na wapo wafugaji wa Kisukuma waliofika na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote, nacho ni Kiswahili chenye sauti za nyumbani. Matini zilipokwisha kunukuliwa, mwanafunzi wangu wa uzamili, ambaye shahada yake ya kwanza ilikuwa ya sayansi ya kompyuta, aliandika programu ya kutupatia orodha ya marudio ya maneno. Aliiandika kwa Java, lugha ya programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995 na ambayo bado inafundishwa katika vyuo vingi.

Pengine msomaji atauliza kwa nini hatukutumia zana zilizopo. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta katika miaka ya 1980, akijenga juu ya modeli ya ngazi mbili aliyoitoa Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, na matunda ya kazi hiyo pamoja na Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki yanajulikana kwa wasomaji wa kurasa hizi. Jibu langu ni kwamba zana hizo zilijengwa hasa juu ya lugha ya vitabu na magazeti, na wazee wetu hawasemi kama magazeti. Aidha, nilitaka mwanafunzi aanze chini kabisa, pale ambapo mashine haijui kiambishi wala mzizi, inajua alama tu. Chini huko ndiko yalikojificha mambo ninayotaka kuyajadili.

Nianze na istilahi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Katika lugha za programu, maandishi yoyote yanayoshikwa kama kitu kimoja huitwa kwa Kiingereza "string", yaani uzi. Taswira iliyomo ni ya shanga zilizopangwa kwenye uzi: herufi ni shanga, na mpangilio ndio unaoleta maana. Mwanafunzi wangu alipendelea kusema "stringi" na kuendelea na kazi, na sina ugomvi naye. Maneno kama faili na programu yaliingia kwa mlango huo huo, na hakuna aliyekufa. Hata hivyo Kiswahili kina kitenzi ambacho Kiingereza hakina. Kutunga ni kupitisha uzi katika shanga, na kutunga ni kuyapanga maneno hadi yakawa shairi. Mtungo wa samaki ni samaki waliopitishwa kamba moja, kama wanavyouzwa wale wanaotoka Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo lugha yetu ilikwisha kuunganisha uzi na maandishi kabla ya kompyuta kuzaliwa. Tatizo ni kwamba mtungo, mitaani, limebebeshwa maana ya unyama ambayo haifai kutajwa mbele ya darasa, na mbuni wa istilahi asiyesikiliza mitaa atajikuta anachekwa. Tungo nalo tumekwisha kulipa kazi katika sintaksia, tunapozungumzia neno, kirai, kishazi na sentensi. Nimebaki na utungo, na katika makala haya nitasema utungo wa herufi. Wapo watakaopinga kwamba utungo na tungo ni neno moja katika umoja na wingi wake. Ni kweli; lakini muktadha wa sintaksia na wa programu haukutani mara nyingi, na lugha zote huvumilia mengi kuliko hayo.

Java ni miongoni mwa lugha za programu zilizojengwa juu ya dhana ya vitu na klasi. Dhana hiyo ilianzia Norway katika miaka ya 1960, katika lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Kila kitu huwa ni cha klasi fulani, na klasi ndiyo inayoamua kitu hicho kinaweza kufanyiwa nini. Utungo wa herufi ni kitu cha klasi yake. Unaweza kuuliza urefu wake, lakini huwezi kuutafutia kipeuo cha pili. Mwanafunzi wa Kibantu akisikia haya hukumbuka ngeli mara moja, na si bure, kwa sababu neno la Kiingereza ni lile lile ambalo Bleek alilitumia alipoziorodhesha ngeli za lugha zetu. Nomino nayo hubeba haki zake: kitabu hudai "changu" na "kimepotea", na haikubali "wangu" wala "amepotea". Lakini ulinganisho huu usivutwe sana. Upatanisho wa kisarufi hutembea sentensi nzima na kuwafunga wote waliomo. Klasi ya Java hubaki mlangoni kwake. Nimewahi kusikiliza mhadhara mzima uliojengwa juu ya ulinganisho huu, na ulipofika nusu mhadhiri alikuwa anaeleza jambo ambalo halikuwamo katika Java wala katika Kiswahili.

Sasa tuje kwenye urefu. Operesheni nyepesi kuliko zote ni ile ya kuuliza utungo una herufi ngapi. Tulipouliza kuhusu neno ng'ombe, Java ilijibu 7. Tuhesabu pamoja: n, g, kibainishi, o, m, b, e. Mwalimu wa darasa la pili atasema kuna silabi 2, ng'o na mbe. Mwanafonolojia atasema kuna fonimu 4, au 5, kutegemea kama anaichukulia mb kuwa kipashio kimoja au viwili, na hapo ugomvi unaweza kuendelea hadi jioni. Majibu haya yote yana mantiki yake. Linalonishughulisha ni kwamba jibu la mashine ndilo pekee linalotumika pale ambapo jambo linaamuliwa, na mashine imehesabu kama shanga kitu ambacho kwetu si shanga hata kidogo. Kibainishi katika ng' ni sehemu ya herufi. Hakina sauti yake wala hakiwezi kusimama peke yake. Kazi yake ni kutuambia kwamba g iliyotangulia isitamkwe kama g ya ngoma.

Madhara yalionekana tulipofika kwenye operesheni ya kukata. Ili kupata maneno, utungo mrefu wa matini hukatwa kila inapokutwa alama isiyo herufi. Kwa njia iliyozoeleka zaidi, inayofundishwa katika vitabu vingi vya Java, kibainishi hakimo katika orodha ya herufi, bali kiko pamoja na nukta na mkato. Orodha ya marudio ilipotoka, katika masimulizi ya wafugaji, neno ng'ombe halikuwamo. Palikuwa na "ng" na palikuwa na "ombe", kila moja likiwa juu kabisa katika orodha, kana kwamba Wasukuma wa Nsemulwa wanazungumza lugha mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Kibaya zaidi ni yale makosa yasiyojionyesha. Mzee mmoja alisimulia kwa urefu jinsi walivyofyeka msitu na kung'oa visiki ili wapate mashamba. Mashine ilikata kila "kung'oa" ikapata "kung" na "oa", ikaikata "waling'oa" ikapata "waling" na "oa". Kitenzi kuoa kikapanda katika orodha hadi mahali pa heshima. Mtafiti wa masuala ya jamii ambaye angepewa orodha ile bila matini angeweza kuandika sura nzima kuhusu umuhimu wa ndoa katika masimulizi ya wakulima wa Mpanda, na takwimu zingemuunga mkono.

Mwanafunzi wangu alirekebisha jambo hilo kwa mstari mmoja wa programu. Hilo nalisema ili isidhaniwe kwamba nailaumu Java. Lugha ya programu humpa mwandishi uwezo wa kueleza herufi ni nini. Ni kwamba yapo majibu yaliyowekwa tayari kwa asiyeeleza, na majibu hayo yaliwekwa na watu waliokuwa wakiifikiria lugha nyingine.

Katika utoto wetu pale Nsemulwa tulikuwa na mchezo ambao watoto wengi wa Uswahilini wanaujua, wa kusema kinyume. Silabi ya mwisho ya neno huchukuliwa na kuwekwa mwanzo: nyumba inakuwa mbanyu, ng'ombe anakuwa mbeng'o. Tuliusema kwa kasi ili watu wazima wasifuate, na dada zetu walikuwa na kasi zaidi. Sikujua wakati huo kwamba tulikuwa tukifanya uchanganuzi wa silabi ulio sahihi kuliko wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakuna mtoto aliyewahi kuikata mb katikati, wala kuiacha ng peke yake na kibainishi chake upande wa pili. Java ina operesheni ya kugeuza utungo, na tulipoipa ng'ombe ilitupatia "ebmo'gn". Sijui kinywa gani kingeweza kulitamka hilo. Tulitumia siku mbili kuiandikia mashine kanuni za mchezo wetu: irabu ndiyo kitovu cha silabi, konsonanti zote zilizotangulia irabu huifuata irabu hiyo, m na n zinaweza kuwa silabi zenyewe, lakini si kila mara. Hapo penye "si kila mara" ndipo penye kazi. M ya mtoto ni silabi, m ya mbanda si silabi, m ya mbwa ni silabi tena kwa sababu mzizi ni mfupi. Watoto tulijua. Wapo waliosema "bwam" wakacheka wenyewe, na kicheko chao kilikuwa data, kwa maana kilionyesha kwamba kanuni imefika ukingoni. Mashine haicheki. Hutoa "bwam" kwa utulivu ule ule inaotolea "mbanyu".

Operesheni ya kubadilisha sehemu ya utungo kwa sehemu nyingine ilitufundisha jambo lenye uzito zaidi wa kihistoria. Mwanafunzi mwingine, mwenye haraka, alipendekeza kwamba wingi wa nomino za ngeli ya KI-VI upatikane kwa kubadilisha kila "ki" kuwa "vi". Tulimruhusu ajaribu. Kisima kikawa visima, kikao kikawa vikao, na darasa likapiga makofi. Halafu rafiki akawa "rafivi", Kigoma ikawa "Vigoma", na samaki akawa kitu ambacho sitakiandika. Kosa lake ni wazi: mashine imeona herufi, haikuona kiambishi. Lakini ngoja tutazame neno kitabu. Katika Kiarabu ki ya neno hilo si kiambishi. K, t na b ni konsonanti za mzizi wake. Waswahili walipolipokea walisikia ki mwanzoni, wakatenda kama yule mwanafunzi, wakasema vitabu. Vivyo hivyo kipilefti, lililotokana na kibao cha Kiingereza cha kuwaamuru madereva wapite kushoto, kikapata wenzake wakaitwa vipilefti. Na madigadi ikadhaniwa kuwa ni wingi, ikatolewa ma, ikabaki digadi. Wazungumzaji nao hukata utungo kwa kufuata umbo bila ya kuuliza asili. Tofauti yao na mashine ni kwamba walilifanya jambo hilo mwanzoni mwa neno tu, pale ambapo viambishi vya ngeli hukaa, na hawakumgusa rafiki. Operesheni ni ile ile. Kinachopungua kwa mashine ni kujua mahali.

Kuhusu kutobadilika kwa utungo nitasema machache. Katika Java utungo ukishaundwa haubadiliki. Kinachoitwa kubadilisha ni kuunda mwingine, na ule wa kwanza hubaki ulivyo mpaka asiwepo anayeuhitaji. Wanafunzi wa isimu hulielewa jambo hili upesi kuliko wanafunzi wa kompyuta, kwa sababu wamezoea kwamba "piga" na "pigana" ni maneno mawili na kwamba la pili halikulifuta la kwanza.

Dhana ya mkondo inahitaji maelezo marefu kidogo. Utungo wote uko mbele yako kwa wakati mmoja. Unaweza kuangalia herufi ya tano kisha ukarudi kwenye ya kwanza, ambayo katika Java, kwa desturi ya lugha nyingi za programu, huhesabiwa kuwa ya sifuri. Mkondo hauko hivyo. Mkondo ni data inayopita, na unachokiona ni kile kilichofika sasa. Tuliokulia Mpanda tunaweza kuufikiria kwa treni. Reli ya tawi inayotoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi katika miaka ya mwisho wa ukoloni, inaishia kwetu. Mtoto aliyesimama kando ya reli huyaona mabehewa moja baada ya jingine, wala hawezi kuliomba la tatu lirudi. Baada ya behewa la mwisho hakuna tena, na Java nayo, mkondo unapofika mwisho wa reli, hurudisha namba hasi moja ili msomaji ajue kwamba asingoje.

Kinachopita katika mkondo wa chini kabisa si herufi bali ni baiti, yaani namba ndogo ndogo, na ni lazima awepo wa kuzifasiri namba hizo kuwa herufi. Kwa ng'ombe, jambo hili lina historia yake. Kibainishi kilicho wima, kile cha mashine za kupigia chapa, huchukua baiti 1 katika mfumo wa UTF-8. Kibainishi kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe bila kuombwa, huchukua baiti 3. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ana baiti 7 na mwingine ana baiti 9, ingawa wote wawili, Java ikishawafasiri, wana urefu wa 7. Na anayezisoma baiti 3 kwa mfumo usio wake hupata takataka tatu mahali pa kibainishi, jambo ambalo msomaji bila shaka amekwisha kuliona katika barua na matangazo na kudhani kwamba mpiga chapa alisinzia. Tangu toleo la 18 la mwaka 2022, Java huchukua UTF-8 kuwa mfumo wake wa kawaida. Kabla ya hapo ilitegemea kompyuta iliyokuwa inatumika, hivyo matini ile ile ingeweza kusomeka vizuri Dar es Salaam na kuharibika Mpanda. Viwango vya Unikodi vimetenga hata alama ya tatu, yenye umbo kama la kibainishi kilichopinda, ambayo kwa ainisho lake ni herufi na wala si alama ya uandishi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoifaa ng' yetu. Lakini haimo katika kibodi ya mtu yeyote ninayemfahamu.

Mkondo una tabia nyingine inayowapasa watafiti wa fasihi simulizi waijue. Mashine haiandiki kila herufi katika faili papo hapo. Ingekuwa kama mtu anayechota maji kwa kijiko. Huweka kwanza herufi katika ghala la muda, ambalo katika Java kwa kawaida hupokea hadi 8,192, na ghala likijaa huzimwaga zote kwa pamoja. Programu ikiisha bila ya kuamuru ghala lifungwe, zile zilizobaki ndani hazifiki popote. Programu ya kwanza ya kijana wetu ilizikusanya hadithi zote katika faili moja, na hadithi ya mwisho, ya bibi mmoja mwenye kumbukumbu ya ajabu, ilikatika katikati ya neno. Kilichopotea ni tokeo la hadithi pamoja na ile fomula ya kufungia ambayo kwa msimulizi ni sahihi yake. Kanda ilikuwapo, nakala ya mkono ilikuwapo, na jambo likarekebishwa mchana ule ule. Nalitaja kwa sababu faili halikuonyesha dalili ya kasoro. Lilifunguka na kusomeka vizuri. Angepewa mtu asiyeijua fani ya ngano, angeandika kwamba masimulizi ya Nsemulwa hayana miisho ya kifomula, na pengine angelitafutia jambo hilo sababu katika uhamaji.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Mama yangu mdogo ni Msukuma kwa upande wa baba yake, na jina lake huanza na ng'w, kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma. Alikwenda katika ofisi moja kufuatilia haki yake, jina likatafutwa katika kompyuta, halikuonekana. Akaambiwa hayumo. Alirudi mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa pamoja naye. Kijana aliyekuwa mezani alikuwa mwenye adabu. Alitusalimu vizuri, akampa mama kiti. Nilimwomba alitafute jina kwa sehemu inayofuata kibainishi. Lilionekana papo hapo. Katika rejista lilikuwa limeandikwa kwa kibainishi kilichopinda, na kibodi yake ilikuwa na cha wima. Operesheni ya kulinganisha tungo mbili hupitia shanga moja moja, ikikuta tofauti moja hujibu kwamba si sawa, na haina jibu la tatu. Mama mdogo aliniuliza, tukiwa njiani, kama ina maana kwamba jina lake limeandikwa vibaya. Nilimwambia hapana, yameandikwa vizuri yote mawili. Akasema, "Basi mwanangu, mbona nimekosa mara mbili?"

Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha, kwa sababu majibu niliyokuwa nayo yalikuwa ya kiufundi. Ningeweza kumweleza kwamba majina kama Juma na Maria hayapati msukosuko huu, na kwamba mwenye ng' katika jina lake hulipa kodi ambayo wengine hawailipi. Bado hiyo ingekuwa ni maelezo tu, naye alikuwa amekwisha kutembea mara tatu.

Nsemulwa yenyewe haikusalimika. Nimeliona jina hilo likiandikwa pia Nsemlwa. Kwa mashine hizi ni tungo mbili, moja ya herufi 8 na nyingine ya 7, wala hazina undugu. Kwa mwanaisimu undugu wao ni dhahiri, na una historia ndefu. Kiswahili kina tabia ya kudondosha u ya mu mbele ya konsonanti, na ndivyo muntu wa Wabantu wengine alivyokuwa mtu kwetu. Anayesema Nsemlwa amelisikia jina kwa sikio la Kiswahili. Anayesema Nsemulwa amelihifadhi lilivyotamkwa na wenyeji. Hakuna kati yao aliyekosea, na mtafiti wa mwingiliano wa lugha katika Katavi anazihitaji tahajia zote mbili, pamoja na kujua nani aliandika ipi na lini. Hali kadhalika mkoa: hadi 2012 Mpanda ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, na kuanzia hapo imo katika Mkoa wa Katavi, hivyo anayetafuta kumbukumbu za Nsemulwa kwa jina la mkoa hupata nusu ya historia yake.

Mwanafunzi wangu alipendekeza tuchague tahajia moja na kuiamuru mashine ibadilishe nyingine zote. Ni operesheni ya mstari mmoja. Nilikataa, na tulibishana kwa wiki nzima, yeye akitetea usafi wa data, mimi nikitetea kile ambacho usafi huo ungekifuta. Hatimaye tulikubaliana kwamba kila utungo ubaki kama ulivyoandikwa, na pembeni yake iwekwe namba moja inayoziunganisha tahajia za mahali pamoja au za mtu mmoja. Mashine italinganisha namba; binadamu atasoma majina. Kazi imeongezeka maradufu, kwa kuwa namba hizo haziwezi kuwekwa na programu. Ni lazima awepo anayejua kwamba huyu na huyu ni mtu yule yule, na ujuzi huo hatukuupata ndani ya matini.

Kwa sababu hiyo tulirudi Nsemulwa na orodha iliyochapwa, tukakaa na wazee chini ya mwembe, tukasoma jina moja baada ya jingine. Penye shaka walibishana wenyewe, na mwanafunzi akaandika namba kwa penseli. Tumefika herufi M. Inayofuata ni N, ambayo ni ndefu, na katika programu tumekubaliana kwamba ng' isipangwe ndani yake. Itapewa ukurasa wake.